Anayemkanda mzazi siye anayempima

Unguja na Pemba ukiambiwa "nyumbani kuna mzazi", hakusudiwi baba wala mama wa mtu. Mzazi ni mwanamke aliyejifungua karibuni, yumo chumbani, tumbo kalifunga mkaja, mlango umeegeshwa upepo usimpige. Jina hilo hulibeba siku arubaini, halafu hutoka ndani na watu wakarudi kumwita jina lake. Mgeni kutoka bara akimsikia mtoto wa miaka saba anawaambia wenzake "dada yangu mzazi, msipige kelele", hugeuka akamtazama mara mbili.

Ndani ya siku hizo arubaini ndimo limo swali ambalo siku hizi naulizwa sana: nimtafute nani wa kumuuguza mzazi wangu? Kulisikia ni swali jepesi. Ukilifungua unakuta kazi tatu nne zimefungwa kitambaa kimoja, na wengi wetu tunamlipa mtu kwa kazi moja huku tukijua moyoni kwamba tumelipia zote.

Mimi si mkunga. Nimeuguza wazazi watatu katika nyumba yetu ya mjini: dada yangu, wifi yangu, na binti wa shangazi aliyekuja kutoka Wete, Pemba. Niliyonayo nimeyapata jikoni nikisubiri maji yachemke, na kwa kuwauliza wenye kujua.

Zamani kitambaa kile hakikuwa na haja ya kufunguliwa, kwa sababu mshikaji alikuwa mmoja. Mkunga wa mtaa alimpokea mtoto, akakata kitovu, akamkanda mama, akamfunga mkaja, akaonja uji kama pilipili manga imekolea, akamfundisha josho la nifasi, yaani la kujitoharisha damu ya uzazi ikikatika, akalala palepale sakafuni juu ya mkeka. Mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuona, ingawa mara nyingi hakuwa na la kufanya. Leo kazi zile zimegawanyika. Aliyempokea mtoto yuko hospitali na zamu yake imekwisha. Anayekanda anakuja asubuhi, anaondoka. Nesi yuko kituoni. Mama mzaa mama ana biashara yake Darajani hawezi kuifunga siku arubaini, na dada mtu anafanya kazi hotelini Nungwi, anarudi Ijumaa. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja anaamini kipande cha hatari kiko kwa mwenzake.

Huko Marekani na Ulaya wapo watu ambao kazi yao ni kumhudumia mwanamke nyumbani baada ya kujifungua. Wanaitwa dula, neno lenye asili ya Kigiriki. (Kwetu Dula ni Abdalla, kwa hiyo ukisema umemuajiri dula akae chumbani na mkeo, jiandae kujieleza.) Waholanzi wamekwenda mbali zaidi: mhudumu wa uzazi huja nyumbani siku kama nane mfululizo, anampima mama, anamtazama mtoto, anasaidia kunyonyesha na hata kufagia, na bima inabeba sehemu kubwa ya gharama. Sisi hatuna mtu wa namna hiyo. Tunao watu wazuri watatu au wanne ambao hakuna aliyewakutanisha.

Na kuvutana juu ya nani amsimamie mzazi si jambo geni visiwani. Mwaka 1918 kilianzishwa Chama cha Uzazi cha Zanzibar, na Wahindi wa hapa walikuwa na mkono mkubwa katika fedha zake. Mpaka mwaka 1947 serikali ya kikoloni na wenye kuchangia walikuwa wakivutana nani awe na kauli. Mzazi mwenyewe, naamini, alitaka maji ya moto na mtu wa kumshikia mtoto.

Sasa nieleze kilichonifundisha.

Wifi yangu alijifungua salama, kwa njia ya kawaida, akarudi nyumbani siku ya pili. Bi mkubwa wa kumkanda tulikuwa tumekwisha kumpanga tangu mimba ya miezi saba: mtu mzima, mikono mipana, kila nyumba inamsifu. Alfajiri sufuria imekwisha kuchemka, ndani majani aliyokuja nayo kikapuni. Anakunja kipande cha kanga mara nne, anakichovya, anakikamua huku mvuke unamfunika uso, anakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha anakibandika chini ya kitovu na kushuka nacho taratibu. Ubavu, kiuno, mapaja, mgongo. Halafu mafuta ya nazi, halafu mkaja, unavutwa na watu wawili. Wifi yangu alikuwa akilala baada ya hapo kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya sita aliamka na kichwa. Bi mkubwa akamwambia, "Upepo huo mwanangu, jana ulikaa dirishani." Tukafunga dirisha. Tukampa panadol. Saa nane mchana akasema anaona nyota nyota, na chembe ya moyo inamuuma upande wa kulia. Tukasema ni njaa, tukaongeza uji. Alikuja jirani yetu, nesi mstaafu, kuleta mkungu wa ndizi tu, akamtazama uso, akarudi kwake mbio kuchukua mashine ya presha. Ilisoma 168 kwa 112. Jioni ile wifi yangu alikuwa amelazwa, ana dripu na sindano za magnesiamu za kuzuia kifafa. Alikaa siku nne.

Bi mkubwa hakukosea kazi yake. Tulimuita akande, akakanda. Kosa lilikuwa letu: katika nyumba yenye watu wazima saba, hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kupima.

Watu wengi wanadhani kifafa cha mimba kinatoka pamoja na kondo la nyuma. La. Presha ya mzazi aghalabu hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, yaani wakati ambapo amekwisha kurudi nyumbani na wageni wanaingia na bakuli za supu. Hatari hiyo inaweza kuendelea mpaka wiki ya sita, hata kwa mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima.

Kalenda mbili zinazogongana

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama aliyejifungua akae chini ya uangalizi walau saa 24, kisha aonwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Weka kalenda hiyo pembeni ya kalenda yetu. Wiki ya sita inaangukia karibu na arubaini, na hiyo haina ugomvi: mama anatoka, anavaa vizuri, anapeleka mtoto kliniki, kila mtu anafurahi. Lakini ile miadi miwili ya mwanzo iko katikati ya siku za kukaa ndani. Ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye hatari kubwa.

Njia ni mbili: ama anayepima aje nyumbani, ama mzazi apelekwe. Ya pili ndiyo yenye maneno. Bibi atakutajia upepo, kijicho, na mzazi wa mwaka fulani aliyetoka siku ya nane akapata chango. Usishindane naye kwa vitabu. Mama yangu alilimaliza jambo hili kwa sentensi moja, na tangu siku ile nalitumia: "Kwenda kwa daktari si kutoka. Kutoka ni kwenda harusini." Wifi akafunikwa buibui na mtandio, masikio yamezibwa, gari imesogezwa mpaka mlangoni, na heshima ya arubaini haikupungua.

Hapa kuna jambo jingine linalochanganywa, la damu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, nifasi kwa kawaida ni siku 40 na ukomo wake ni 60. Hesabu hiyo ni ya sala, saumu na tohara, na sheikh atakujibu vizuri. Lakini hatakujibu kama damu ni nyingi mno. Damu ya uzazi ya kawaida huwa nyekundu siku tatu nne za mwanzo, ikaenda ikififia kuwa kahawia, kisha njano nyeupe, na kupungua wiki hadi wiki. Pamba au kitambaa kizima kikilowa ndani ya saa moja, au yakatoka mabonge makubwa, au damu iliyokwisha kufifia ikarudi nyekundu kwa wingi, au ikawa na harufu mbaya pamoja na homa, hiyo haingoji siku ya 40 wala ya 60. Nimemsikia mama mmoja akisema "bado nimo katika siku zangu" huku midomo imemweupa.

Mkandaji, na mipaka ya kukubaliana naye

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiye mtu ambaye karibu kila nyumba inampanga, na ndiye ambaye hakuna anayezungumza naye sawasawa. Madaktari wengine humdharau. Wanafamilia humwogopa. Mimi namheshimu, na kwa heshima hiyohiyo naona ana haki ya kuambiwa mambo waziwazi kabla ya siku.

Kukandwa kwa joto la kiasi kunalegeza misuli iliyokazana kwa uchungu wa masaa kumi na kitu. Kunampa mzazi nusu saa ambayo kila mkono uliopo unamshughulikia yeye na si mtoto, na hiyo peke yake ni tiba. Mikono ya mkandaji hodari hujua mambo. Kizazi hushuka kidogo kila siku, na ikifika siku ya kumi hadi ya kumi na nne hakishikiki tena juu ya mfupa wa kinena. Mkandaji mzuri atakwambia "limerudi" au "bado", na akisema "bado" wiki ya pili, ni neno la kupeleka kwa nesi.

Mipaka sasa. Aliyepasuliwa hakandwi tumbo, wala hafungwi mkaja wa kuvutwa na watu wawili juu ya kidonda. Mgongo, mabega na miguu vinatosha. Nimeona mtu mzima akisema kidonda ndicho kinachohitaji joto zaidi ili kikauke. Kidonda cha upasuaji kinataka ukavu, usafi na kuachwa. Aliyeshonwa kwa chini asikalishwe juu ya maji ya moto yanayofuka. Ngozi ya pale imevimba na haina stahamala.

Mguu ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote. Mzazi yuko katika hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa, na kulala ndani siku nyingi kunazidisha. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, ukauma kwenye shavu la mguu, usikandwe hata kidogo. Bonge likisukumwa linaweza kupanda mpaka mapafuni. Mkandaji wetu hakuwa amewahi kuambiwa hili maisha yake yote. Nilipomwambia alinyamaza, akaniuliza ni mguu upi, kulia au kushoto. Nikamwambia wowote, mradi ni mmoja umemzidi mwenzake. Akasema, "Basi nitakuwa nachungulia kwanza." Huyo ndiye mtu wa kumlipa.

Kuhusu kitovu cha mtoto, ambacho mara nyingi huwa mikononi mwa mkandaji huyohuyo: hakitiwi chochote. Pemba ina neno la kusema hapa kuliko sehemu nyingi duniani. Kati ya mwaka 2011 na 2014 utafiti mkubwa ulifanywa kisiwani humo, ukihusisha vichanga zaidi ya 36,000, kuona kama kusafisha kitovu kwa dawa ya klorheksidini kunapunguza vifo kuliko kukiacha kikavu. Tofauti ya maana haikuonekana. Ikiwa dawa ya kiwandani haikukishinda kitovu kikavu, sijui jivu na mate vitakishindaje.

Malipo yapatane mapema: kwa siku, kwa siku saba, au kwa arubaini nzima, na kama kufua nguo za mtoto kumo au hakumo. Fedha ni fedha, lakini desturi ya doti ya kanga, sukari na sabuni siku ya mwisho isiachwe. Aliyeingia mlangoni kwa heshima husikia hata akiambiwa "hapa usiguse".

Nani apime

Wa kwanza ni kituo cha afya cha karibu, na hapo ndipo pa kuanzia hata kama una fedha. Wa pili ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia yako, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha. Tangu mwaka 2019 Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu hao hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye programu inayowaongoza maswali ya kumuuliza mjamzito, mzazi na mwenye mtoto mdogo. Si nesi, hashoni wala hachomi sindano. Kazi yake ni kuuliza, kuona dalili na kukupeleka panapostahiki. Watu humpokea ukumbini kwa adabu, wakamjibu "hatujambo" kwa kila swali, akaondoka. Mwingizeni chumbani.

Wa tatu ni nesi au mkunga mstaafu, au aliye kazini anayeweza kupita baada ya zamu, kwa malipo ya faragha. Huyu ndiye anayekaribia zaidi ule uuguzi wa nyumbani wa wenzetu. Muulize kama ana leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, na usione haya kuuliza; mwenye nayo hufurahi kuulizwa. Mpatane siku hasa za kuja. Sisi kwa binti wa shangazi tulichagua siku ya tatu, ya tano, ya saba na ya kumi na mbili. Kila safari: presha, joto la mwili, mapigo, tumbo, damu, mshono, matiti, miguu, na mtoto akiwa ananyonya mbele yake. Dakika arubaini, hazizidi. Muulizeni pia juu ya vidonge vya madini ya chuma, maana vingi huachwa siku ya kutoka hospitali wakati vilitakiwa viendelee wiki kadhaa.

Matiti yana habari yake. Siku ya tatu au ya nne maziwa yanapojaa, titi likawa gumu kama jiwe, nyumba nzima hugeuka bingwa: mara kabichi, mara kitana cha moto, mara mtoto apewe maji ya sukari apumzike. Mara nyingi tatizo ni mtoto kushika chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo, na mtu mwenye ujuzi hulirekebisha kwa kumsogeza mtoto vidole viwili. Uwatu na supu ya pweza sina ugomvi navyo.

Sasa fundo ambalo sijaona watu wakilifungua. Mwanamke wetu mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwao. Binti wa shangazi alikuwa anaishi Wete na kliniki yake iko Wete. Miezi minane akapanda boti kuja kwetu Unguja, kwa sababu mama yake yuko huku. Kule mhudumu wa shehia anamsubiri arudi. Huku hakuna anayejua kwamba yupo. Kadi yake imejaa maandishi ya mkono mmoja, na ghafla anafika mlango ambao haumjui. Hivyo ndivyo mzazi anavyopotea katikati ya visiwa viwili vyenye huduma. Dawa yake ni safari mbili za miguu: kabla ya kuondoka, aage kituoni na kwa mhudumu wa shehia anayoiacha, akifika, siku ya pili si ya kumi, apelekwe kituo cha anakofikia na kadi yake, na sheha aambiwe kuna mjamzito mgeni. Na baada ya arubaini, kabla hajarudi kwa mumewe, yafanyike hayohayo kinyume.

Kwa wanaokaa Kojani au Tumbatu, hesabu ina kitu kimoja zaidi: maji. Chombo hakivuki kwa saa unayoitaka wewe, na usiku maji yakiwa yametoka mgonjwa hubebwa kwanza mpaka chombo kinapoelea. Kwa hao mimi ningeshauri, pale inapowezekana, mzazi abaki wiki ya kwanza kwa ndugu upande wenye hospitali: Wete au Chake Chake kwa wa Kojani, Mkokotoni au Kivunge kwa wa Tumbatu. Wazee watanuna. Wiki moja ya kununa inabebeka.

Ruhusa ya saa nane za usiku

Katika nyumba nyingi anayeona dalili ni mwanamke aliyelala chumbani na mzazi, na mwenye fedha, gari na kauli ni mwanamume aliyelala nyumba ya pili. Katikati yao kuna mama mkwe, ukumbi, na aibu ya kugonga mlango wa mtu usiku kwa jambo ambalo "labda litatulia". Dakika zinazopotea kwenye ukumbi huo hazirudi kwa dereva kukimbiza gari.

Kwa hiyo ruhusa itolewe mchana, kabla, mbele ya watu. Mume aseme kwa mdomo wake, mama yake akisikia: "Yeyote aliye chumbani akiona haya, aite gari, asiniulize." Na hayo ni: damu ya kulowesha kitambaa ndani ya saa, kichwa kikali, nyota machoni au maumivu chini ya mbavu, homa, pumzi kuwa fupi au kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba, mshono kutoa usaha, kuzimia au kutetemeka kwa kifafa, na maneno ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto. Namba ya dereva wa pili nayo iwepo, kwa sababu dereva wa kwanza siku hiyo atakuwa Makunduchi kwenye shughuli.

Hilo la mwisho kwenye orodha nilikaribia kuliacha, kama wengi wanavyoliacha. Machozi ya siku ya tatu au ya nne yasiyo na sababu, yanayokwisha ndani ya wiki mbili, ni ya kawaida, yanataka usingizi na mtu mpole. Yakivuka wiki mbili, mama halali hata mtoto akilala, hali, anamtazama mtoto kama wa jirani, hiyo ni sonona, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Kwa hiyo katika kila mtaa yupo. Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, linalouliza mama alivyojisikia siku saba zilizopita. Nesi anayelijua hulimaliza kabla chai haijapoa.

Nadra zaidi, na ya haraka zaidi, ni hali ya mama kusikia sauti, kuongea mambo yasiyoshikana, kutolala kabisa siku mbili tatu na bado ana nguvu, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kwetu hapo watu hukimbilia kusema kapagawa. Asomewe Kurani, hakuna anayekataza, lakini asomewe akiwa njiani. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, watu hulitumia kwa kutukanana, ndiyo maana familia huogopa kuonekana langoni pale. Hospitali ya kawaida yenye wodi ya wazazi inaweza kuwa mlango wa kwanza, na yeye wala mtoto wasiachwe peke yao hata dakika.

Msaidizi wa kazi za nyumbani sitamsemea sana. Atafutwe, alipwe, aachiwe sufuria na ndoo. Kosa moja tu: asigeuzwe mlinzi wa mzazi akiwa binti wa miaka kumi na saba ambaye hajaona mtu akijifungua.

Yote haya hupangwa mimba ikiwa na miezi saba, siku ambayo watu wote wanne wanaweza kukaa mkeka mmoja: mume, mama mzaa, mkandaji, na yule wa kupima. Mara ya tatu ndipo sisi tuliweza. Nesi mstaafu na bi mkubwa walikuwa wanafahamiana kwa salamu za njiani tu, miaka mingi, kila mmoja akimdhania mwenzake mabaya. Nesi alimwamkia shikamoo, akapokewa kwa marahaba nzito. Wakazungumza habari za miguu. Kisha bi mkubwa akaitaka ile mashine aione, akavaa mkanda wake mkononi, ukajaa upepo, akacheka kwa sauti. Yeye mwenyewe alikuwa na presha ya 150.

Binti wa shangazi alijifungua mwezi wa Mfungo Saba, mtoto wa kike. Siku ya tano alfajiri nilikuwa jikoni nawasha moto. Bi mkubwa akaingia na kikapu chake, akakitua, akapita moja kwa moja mpaka mlango wa chumba pale tulipobandika karatasi ya nesi. Hajui kusoma maandishi ya Kirumi, ila tarakimu anazijua za sokoni.

"Juzi mia na kumi na nane," akasema. "Haya, nitilie maji."